Jahazi Ghorofani, Vitabu Pembeni

Ghorofani katika Maktaba ya Umma ya Provincetown kuna jahazi. Si picha, wala si kijimfano cha kuwekwa kabatini. Ni chombo cha futi 66, chenye milingoti na kamba zake, na vitabu vya watoto vimepangwa kwenye rafu hapohapo pembeni. Fundi Francis Santos na wenzake wa kujitolea walianza kukiunda mwaka 1977 wakakimaliza 1988. Waliiga, kwa nusu ya ukubwa, Rose Dorothea, jahazi la wavuvi wa mji huo lililoshinda mbio za mwaka 1907 na kutwaa kombe la Thomas Lipton, yule tajiri wa majani ya chai. Jengo lenyewe lilisimamishwa 1860 likiwa kanisa, baadaye likageuzwa jumba la sanaa, kisha makumbusho. Maktaba ilipohamia humo mwaka 2005 ilirithi chombo hicho, na mkutubi mwenye akili zake asingeomba urithi bora zaidi: mtoto hupanda ngazi kuja kushangaa jahazi, akageuza shingo akakuta vitabu.

Provincetown uko nchani kabisa mwa Cape Cod, rasi ya jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Rasi hiyo ina miji 15 na, kwa sensa ya 2020, wakazi wa kudumu wapatao 229,000. Majira ya joto yakifika, watu huongezeka maradufu na zaidi. Wageni hufuata fukwe, ambazo kwa upande wa bahari kuu nyingi zimo ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1961 kwa saini ya Rais John F. Kennedy. Kwa mgeni, huo ni msimu wa kupumzika. Kwa mwenyeji ni msimu wa kuchuma: mama anatandika vitanda hotelini asubuhi na jioni yuko jikoni kwenye mgahawa, baba yuko baharini au juu ya paa la nyumba ya mtu, maana pesa ya miezi mitatu ndiyo itakayowavusha kwenye baridi. Na miezi hiyohiyo ndiyo shule zimefungwa. Msomaji wa Malindi, Diani au Nungwi hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua swali la nani anabaki na watoto msimu wa watalii ukipamba moto.

Sheria ya Massachusetts inataka siku 180 za masomo kwa mwaka. Shule hufungwa ndani ya Juni na kufunguliwa mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, hivyo likizo ni ya wiki kumi hivi. Wakutubi wa Marekani waliliona pengo hilo zamani. Katika miaka ya 1890 Maktaba ya Umma ya Cleveland ilikuwa tayari inawahimiza watoto kusoma likizoni. Ushahidi wa kitaalamu ulichukua muda mrefu zaidi kufika. Mwaka 1978 mwanasosholojia Barbara Heyns alichapisha utafiti wake juu ya karibu wanafunzi 3,000 wa darasa la sita na la saba mjini Atlanta. Alikuta kwamba pengo kati ya watoto wa wenye nacho na wa wasio nacho hupanuka zaidi likizoni kuliko shule zinapokuwa wazi. Akakuta pia kwamba hakuna taasisi ya umma iliyochangia zaidi maendeleo ya mtoto wakati huo kuliko maktaba, na kwamba umbali una uzito wake: anayeishi jirani na maktaba husoma zaidi.

Baada ya hapo zilikuja namba, na namba zina tabia ya kukimbia kuliko ukweli. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti 39, wakakadiria kwamba mtoto hurudi darasani akiwa nyuma kwa takriban mwezi mmoja wa masomo. Mwezi huo umepita kwenye mabango na hotuba nyingi mno. Haki ni kuongeza kwamba wataalamu wa takwimu, Paul von Hippel akiwa mmoja wao, wamezirudia data za zamani na kuonyesha kuwa sehemu ya hasara hiyo ilitokana na namna mitihani yenyewe ilivyokokotolewa. Wazazi wasitishwe, basi. Kilicho imara zaidi ni jaribio la Florida, jimbo jingine la pwani, ambako Richard Allington na Anne McGill-Franzen waliwapa watoto wa shule 17 zenye wanafunzi wengi maskini vitabu 12 kila likizo, kwa likizo tatu mfululizo. Watoto 852 waliopewa vitabu walifanya vizuri zaidi katika kusoma kuliko 478 ambao hawakupewa. Hakukuwa na mwalimu wala mtihani wa likizo. Watoto walichagua wenyewe, na walichokimbilia zaidi ni vitabu juu ya waimbaji na nyota wa filamu. Walimu wachache wangevichagua.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Maktaba za pwani hufanikiwa majira ya joto kwa sababu zinafanya mambo mawili ambayo shule haiwezi: hazimchagulii mtoto cha kusoma, na hazimpi mtihani baada ya kusoma. Mengine yote, ngoma, maputo, mbwa tutakaowafikia punde na majahazi, ni ndoano.

Utaratibu wa mpango wa kusoma likizoni ni mwepesi. Mtoto anafika kaunta na mzazi au bibi yake, anaandikishwa, anapewa karatasi yenye vijisanduku. Akisoma anatia alama. Akisomewa, inahesabika, akisikiliza kitabu cha sauti ndani ya gari, inahesabika, katuni nazo zinahesabika. Maktaba nyingi zimeacha kuhesabu vitabu na sasa zinahesabu dakika au siku, na sababu ni ya busara: ukihesabu vitabu, anayesoma polepole anaaibika, na anayejitosa kwenye kitabu kinene anapunjika. Kaulimbiu na mabango hutoka kwenye ushirikiano wa maktaba ulioanza mwaka 1987, pale mifumo kumi ya maktaba za Minnesota ilipoamua kugawana gharama. Leo unahudumia majimbo mengi. Kaulimbiu ya 2022 ilikuwa bahari. Kwa maktaba za Cape Cod, hiyo ilikuwa kumfundisha Mpemba kupanda mkarafuu.

Saa ya hadithi ya watoto wadogo, kwa mfano, mara nyingi haifiki hata saa. Mkutubi anakaa chini, kitabu kikiwa kimegeuzwa kuelekea watoto ili picha zionekane, naye anasoma kwa kukisogeza taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Wimbo wa kuingia, kitabu, wimbo wa vidole, kitabu kingine kifupi zaidi, wimbo wa kutokea. Mtoto akisimama akaenda kuangalia dirishani, haitwi. Mzazi haruhusiwi kwenda zake. Anatakiwa kukaa akaona jinsi ya kusoma, maana huyo ndiye atakayesoma usiku. Mtazamaji wa haraka ataona mchezo tu, lakini mwanafunzi halisi katika chumba hicho mara nyingi ni mtu mzima.

Kuna mbwa pia. Mpango wa watoto kuwasomea mbwa waliofunzwa kutulia ulianzia Salt Lake City mwaka 1999 na sasa umeenea kwenye maktaba nyingi za Marekani. Msomaji wa mwambao wetu huenda akatikisa kichwa, na tuseme wazi kwamba si lazima kila kitu kiigwe. Lakini sababu yake inafahamika: mbwa hamsahihishi mtu. Mtoto mwenye kigugumizi au anayekwama kwenye herufi hupata msikilizaji asiyecheka. Bibi mwenye subira hufanya kazi hiyohiyo.

Zawadi wanazopewa watoto kwa kusoma ndizo zinazostahili mashaka zaidi. Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachunguza watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora. Walioahidiwa cheti mapema ili wachore, baadaye walipoachwa huru walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Maktaba inayomwahidi mtoto mwanasesere kwa kila kitabu inacheza na moto huo. Ndiyo maana wakutubi wengi makini wamehamia kwenye zawadi ambayo yenyewe ni kitabu, ambacho mtoto huenda nacho nyumbani moja kwa moja. Faini nazo zinakufa: Chicago iliondoa faini za kuchelewesha vitabu mwaka 2019, na miji mingi ikafuata, baada ya kugundua kwamba faini haikuwa ikirudisha vitabu bali ilikuwa ikiwafukuza wasio na pesa.

Nje ya maktaba, miji ya Cape Cod ina shughuli ambazo familia inaweza kuhudhuria, nyingi bila kufungua pochi, na hilo halikutokea kwa bahati. Chatham ina bendi yake ya tarumbeta inayopiga Ijumaa usiku katika bustani ya Kate Gould, Julai na Agosti. Watu hutandika mablanketi kwenye majani tangu mchana, na zipo nyimbo za kuwachezesha wadogo na wakubwa pamoja. Ligi ya besiboli ya rasi hiyo ina timu kumi za vijana wa vyuo vikuu kutoka kila pembe ya Marekani, ambao hulala kwenye nyumba za wenyeji. Hakuna tiketi ya kuwakamua watazamaji. Katikati ya mchezo hupitishwa kofia au ndoo, na mwenye chochote anatia. Asubuhi wachezaji haohao hufundisha watoto. Mwanzoni mwa Julai kabila la Mashpee Wampanoag, wenyeji wa asili wa pwani hiyo, hufanya mkutano wake mkubwa wa ngoma na mavazi ya jadi, na hapo mtoto wa mtalii hujifunza kwamba rasi ilikuwa na wenyewe kabla ya meli za Waingereza.

Na maktaba nyingi ni za zamani, tena zilianzishwa na wenyeji. Ile ya Brewster iliundwa na wanawake wa mji mwaka 1852, na hadi leo jina lake linawataja. Ile ya Barnstable, Sturgis, imo ndani ya nyumba iliyojengwa 1644. Hakuna jengo kongwe kuliko hilo linalotumika kama maktaba ya umma nchini Marekani. Lilikuwa nyumba ya mchungaji, kisha akazaliwa humo William Sturgis, aliyekuja kuwa nahodha na mfanyabiashara, naye akaacha nyumba hiyo na fedha za kuigeuza maktaba. Ilifunguliwa 1867.

Pwani ya Massachusetts na pwani ya Waswahili zinajuana tangu enzi za matanga. Mwaka 1833 Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, bandari iliyo kaskazini ya Cape Cod, alifika Unguja akiwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Meli za Salem zilileta vitambaa vya merikani na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi. Biashara hiyo imekwisha. Mawazo hayatozwi ushuru, na katika hayo yote liko moja linalofaa kuazimwa bila kusubiri bajeti.

Ni matembezi ya hadithi, yaliyobuniwa na Anne Ferguson wa Vermont mwaka 2007. Kitabu cha picha hukatwa kurasa, kila ukurasa ukafunikwa kwa plastiki na kubandikwa kwenye ubao, na mbao hizo zikapangwa kando ya njia kwa hatua kadhaa kutoka mmoja hadi mwingine. Familia inasoma ukurasa, inatembea, inasoma unaofuata. Mtoto anayeshindwa kukaa kitini hapa hukimbia mbele kwenda kuona kilichompata sungura. Matembezi haya hayahitaji jengo, umeme wala intaneti. Zinanunuliwa nakala mbili za kitabu, kwa kuwa ukurasa una pande mbili na mmoja utafichwa na gundi. Kutoa fotokopi bila ruhusa ya mchapishaji ni kuvunja hakimiliki.

Afrika Mashariki haijakosa ubunifu wake: ngamia wa maktaba ya Garissa wamekuwa wakibeba vitabu kwa wafugaji tangu 1996, Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa 1967, ina sehemu ya watoto, na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukisaidia kuchapisha hadithi za Kiswahili tangu 1991. Kinachopungua ni kuvitoa vitabu hivyo nje, vikakutane na watoto mahali walipo wakati shule zimefungwa. Forodhani ya Unguja na bustani ya Mama Ngina, Mombasa, zina njia, zina upepo, na jioni za likizo zina familia tele. Mabaraza ya miji, wachapishaji na wakuu wa maktaba wana muda wa kutosha kabla ya likizo ijayo: chagueni hadithi moja ya Kiswahili, nunueni nakala mbili, tafuteni seremala.