Mngwana wa Kasongo, mtu wa bara wa Unguja

Mtu wa Unguja akikuita "mtu wa bara", amekwisha kukuweka mahali pako: wewe si wa kisiwani. Misafara ya karne ya 19 iliyabeba maneno ya namna hiyo, ikavuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, ikapita Kabambare kwa Wabangubangu hadi Kasongo, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini. Huko wote ni wa bara. Sasa umwite nani mbara?

Wenyeji wa miji ya mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, walijiita Wangwana, yaani waungwana. Pwani, muungwana alikuwa mtu huru wa mjini, mwenye nasaba yake. Huko Kasongo, kijana aliyetoka kijijini, tena mara nyingi aliyetekwa utumwani, akivaa kanzu, akisali na kusema Kiswahili alikuwa mngwana, hata kama maji ya chumvi hajayaona maishani. Aliyebaki kijijini aliitwa mshenzi. Tusi hilo lingali linauma, na halikustahili kupewa mtu yeyote.

Lakini Maniema, nchi ya Kasongo, ina maji yake, mto Lualaba, na maji hayo yana wenyewe: Wagenya. Mpelelezi Livingstone alifika Nyangwe, mji wa kando ya mto huo, Machi 1871 akakaa miezi akitafuta mitumbwi, asiipate, kwa kuwa mto ulikuwa wa Wagenya na bila wao havuki mtu. Sokoni, wanawake wa Kigenya walishusha samaki. Wa nchi kavu walikuja na mihogo, mawese, kuku na vyungu. Huyu hali bila yule. Tarehe 15 Julai mwaka huohuo watu wa misafara walifyatua bunduki katikati ya soko hilo. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama walipokimbilia mitumbwi. Ndiyo maana siwezi kulisoma neno "uungwana" katika habari za Nyangwe bila kuuliza ni nani aliyelistahili siku ile.

Aprili 1893 jeshi la Dhanis, afisa wa Dola Huru ya Kongo, liliiteka Kasongo. Watu wa Maniema walikuwa wamekwisha kutapakaa mashariki, wengine wapagazi, wengine mateka. Mngwana wa Kasongo alipofika pwani aligeuka Mmanyema, mtu wa bara kama wabara wengine. Jina hilo hawakulikana. Kariakoo, jijini Dar es Salaam, upo Msikiti wa Manyema, na Ujiji wazao wao walihesabiwa Waswahili huku wakijiita Wamanyema.