LESENI YA MADINI NA HAKI YA MWENYE SHAMBA

Wanachama wengi hudhani kwamba mwenye shamba ndiye mwenye kila kilichomo, tangu majani ya juu hadi mawe ya chini. Dhana hiyo si sahihi. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, madini yote ni mali ya umma, nayo yamo katika dhamana ya Rais. Mkulima ana haki ya kuitumia ardhi. Haki ya kuchimba hutolewa kwa leseni. Hizo ni haki mbili mbalimbali.

Marekebisho ya mwaka 2017 yaliunda Tume ya Madini, ambayo ndiyo itoayo leseni. Shabaha ilikuwa kuziba mianya iliyopitisha mali ya Taifa bila hesabu. Kule Mererani ulijengwa ukuta kuzunguka machimbo ya tanzanite, ukazinduliwa mwaka 2018. Mwaka 2019 yalianzishwa masoko ya madini, ili mchimbaji mdogo auze mahali penye mizani na bei inayojulikana. Nayo dhahabu ikiwekwa katika akiba ya Benki Kuu huwa ngao ya Taifa wakati wa dhiki.

Mambo hayo yaweza kuonekana ya mbali kwa mkazi wa Magomeni, Kilosa. Lakini mchanga, kokoto na mawe ya kujengea navyo ni madini kwa mujibu wa sheria. Anayevichimba kwa biashara bila leseni avunja sheria sawa na achimbaye dhahabu kwa siri.

Hapa Kilosa jambo hili lina uzito wa pekee. Mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010 yaliwaacha maelfu ya watu bila makazi. Ukingo uliochimbwa ovyo hudhoofika, na maji hupita palipo dhaifu. Ndiyo maana Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Fedha ya lori moja la mchanga hailipi nyumba iliyobomoka.

Mwanachama afanyeje, basi?

Kwanza, akijiwa na mtu atakaye kuchimba shambani mwake, adai kuona leseni. Leseni peke yake haitoshi: penye mazao au makazi, mchimbaji sharti apate ridhaa ya maandishi ya mwenye ardhi, na alipe fidia ya haki kwa uharibifu.

Pili, mwanachama atakaye kuchimba mwenyewe aombe leseni ya uchimbaji mdogo. Leseni hiyo ni ya Watanzania tu, hudumu miaka 7, na yaweza kuhuishwa. Kikundi cha raia nacho chaweza kuiomba, hivyo gharama za vifaa zikagawanywa.

Tatu, mapatano yoyote yaandikwe na kushuhudiwa. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha mbele ya baraza.

Makatibu wanaombwa kuyasoma maelezo haya katika mikutano ya vyama vya msingi, na kuwaelekeza wanachama kwenye ofisi ya Tume ya Madini mkoani kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Kuuliza mapema ni rahisi kuliko kujitetea baadaye.