Asili na Maana za Neno FIAMMA

Neno la Kiitaliano fiamma, yaani mwali au ulimi wa moto, limetokana na flamma la Kilatini. Wanaisimu walio wengi hulitafsiri flamma kuwa flag-ma la kale, lenye mzizi mmoja na kitenzi flagrare, kuwaka. Kugeuka kwa fl kuwa fi si jambo la ajabu, kwani kanuni hiyo iliyagusa maneno mengi ya urithi: florem, ua, likawa fiore, flumen, mto, likawa fiume. Ndiyo sababu flagrante, litumikalo katika sheria juu ya mtu aliyefumaniwa akitenda kosa, hutambulikana mara moja kuwa lilitwaliwa vitabuni. Lingalirithiwa vinywani, lisingalibaki na fl yake.

Yafaa izingatiwe pia kwamba ignis, neno la Kilatini la moto, lilikufa katika usemi wa watu. Mahali pake palishikwa na focus, lililokuwa na maana ya meko, ambalo leo ni fuoco. Mwali ulidumu na jina lake. Moto wenyewe ukabadilishiwa.

Kimaana, fiamma lilihamia mapema kwenye mapenzi. Dante, katika wimbo wa 30 wa Purgatorio, anapomwona Beatrice anauchukua usemi wa Virgil juu ya mwali wa zamani. Naye Boccaccio alimwita mpenzi wa tungo zake Fiammetta, Kijimwali. Kiberiti huitwa fiammifero, kileta-mwali, lakini lipo pia zolfanello, kutokana na zolfo, salfa. Hapo Kiswahili kinafanana nacho, maana kibiriti chetu kimetoka katika jina la Kiarabu la salfa iyo hiyo.

Ufanano huo ni wa wazo tu. Undugu wa damu uko penye neno asilolitazamia mtu: balghamu. Kigiriki kilikuwa na phlegein, kuunguza, wa ukoo mmoja na flagrare. Kutokana nacho likaja phlegma, kwanza mwali, kisha uvimbe wenye joto, na hatimaye, kwa waganga, ute wa mwilini. Waarabu walilipokea pamoja na elimu ya tiba wakalitamka balgham, nalo likafika pwani yetu. Kiitaliano nacho kinalo, flemma, ila siku hizi hutajwa zaidi kwa mtu mpole asiyeharakishika, ambaye hana dalili yoyote ya kuwaka.