Wimbo wa chumbani Lubaga

Mwezi huu tuongee juu ya vijana wetu wa Kampala, upande wa Lubaga: Nakulabye, Kasubi, Ndeeba. Wapo wa Kivu, wapo wa Ituri, na wanatunga nyimbo zao. Studio ni pesa, basi wanarekodi chumbani kwa kompyuta. Programu ya Audacity ni ya bure tangu 2000.

Shida ya kwanza ni kelele. Mvua kwenye mabati haina huruma, na bodaboda ndio usiseme. Blanketi ukutani linapunguza mwangwi tu, kelele ya nje halizuii. Ndiyo maana inafaa kuimba usiku, majirani wakikubali!

Kazi kubwa ni kuchanganya sauti. Mtunzi anajua maneno yake, kwa hiyo masikio yanamdanganya: anayasikia hata pale gitaa limeyafunika. Mpe mwenzako mwanamuziki asikilize mara moja, halafu arudie alichosikia. Akikosa jina la kijiji cha marehemu baba, usikasirike. Punguza gitaa.

Tena msikilize pamoja kwa simu ndogo. Mama aliyebaki Nakivale au Kyangwali atausikia kwa spika hiyo hiyo, na humo besi inapotea karibu yote. Kinachobaki ni maneno.

Sauti ya mwimbaji itunzwe peke yake kwenye flashi, ili wenzako wakisema bado, mchanganye upya bila kuimba tena.