Mzee Aliyenunua Sauti Yake

Miaka sita nimekula kwa nyimbo za watu. Kibanda changu kiko hapa Lingeka, Usukumani: sola moja juu ya bati, kompyuta ya mezani, spika mbili na kibao kilichoandikwa TUNAINGIZA NYIMBO. Memori kadi shilingi 500, flashi 1,000. Msimu wa pamba watu wakishalipwa, foleni inafika barabarani.

Siku moja akaja manju wa hapa jirani, mtunzi wa nyimbo za ngoma. "Wangaluka," akanisalimu, akanipa memori kadi ya mjukuu wake. Alitaka ngoma za msimu uliopita. Nikafungua faili, sauti ikatoka kwenye spika. Ilikuwa yake. Mtu alimrekodi kwa simu uwanjani, ikanifikia mimi, nikaiuza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akaweka sarafu ya 500 juu ya meza.

"Mwanangu, leo nimenunua sauti yangu."

Nikajitetea: "Lakini baba, jina lako nimeliandika kwenye faili." Hakunijibu. Akachukua kadi akaondoka.

Utetezi ule ndio ulionipeleka steshenari ya Bariadi kutoa kopi ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999. (Sheria za nchi hazina hakimiliki, kwa hiyo kopi ile sikumwibia mtu.) Imeandikwa Kiingereza, na mwalimu mmoja alinisaidia jioni mbili kuipitia.

Nilichokutana nacho kwanza kilinimaliza. Kutajwa jina ni haki moja ya mtunzi. Kuamua nani anakili, nani auze, nani atafsiri, ni haki nyingine. Ukimswaga ng'ombe wa mtu hadi mnadani huku ukimtaja mwenyewe kwa sauti, bado umemwiba. Tena kazi inalindwa tangu inapotungwa. Kuiandikisha COSOTA, ambayo zamani ilikuwa Chama cha Hakimiliki na sasa ni Ofisi ya Hakimiliki, kunakupa ushahidi mkigombana, ila haki unayo hata kabla ya kuiandikisha.

Je, hakuna nafasi ya kutumia kazi ya mtu bila kumwomba? Ipo, na sheria imeitaja. Unaweza kujinakilia kwa matumizi yako mwenyewe kazi iliyokwisha kutolewa. Unaweza kunukuu kipande, mradi kisizidi haja na utaje mtunzi na chanzo. Mwalimu anaweza kutoa mfano darasani. Marekani wamechukua njia nyingine: sheria yao ya 1976 inampa hakimu mambo manne ya kupima, yaani lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na hasara kwa soko la mwenyewe. Vijana wanaotengeneza video huniambia sekunde 15 hazina kesi. Si kweli. Hakuna sekunde zilizotajwa, kwetu wala kwao. Kiitikio cha sekunde kumi kinaweza kuwa ndio wimbo wenyewe.

Kibanda changu hakimo kwenye ruhusa yoyote kati ya hizo. Tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5, iliyoletwa na Sheria ya Fedha ya 2023 kwenye baadhi ya vifaa vya kurekodia na kunakili, nayo haikunipa leseni ya kuuza.

Sehemu ngumu ni ngoma. Usukumani vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimepambana vizazi na vizazi, na kila manju hutunga nyimbo mpya za kumkejeli mwenzake. Wimbo alioutunga manju ni mali yake. Wimbo wa jembe ulioimbwa tangu kwa mababu, usiojulikana mtunzi, unaingia kwenye sanaa za jadi. Shambani na kwenye sherehe uimbe utakavyo, lakini ukiutoa nje ya mila yake kwa kutafuta faida, sheria ile inataka kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa. Mimi nilikuwa nikiziuza zote kwa pamoja, kwa jina la "nyimbo za asili", kana kwamba hazina baba.

Vitabu vina hesabu nyepesi zaidi: vinalindwa kwa uhai wa mwandishi, kisha miaka 50. Shaaban Robert alifariki 1962, kwa hiyo tangu 2013 yeyote hapa Tanzania anaweza kuchapa upya mashairi yake. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alifariki 1981. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka italindwa mpaka 2031, ingawa aliikamilisha kwa Kikerewe 1945 na ikangoja miaka zaidi ya 30 kabla ya kuchapwa.

Nilimfuata mzee nyumbani. Nilidhani atanifukuza. Akanikalisha, akaniuliza wimbo mmoja nauza bei gani, tukahesabu kwa punje za mahindi. Sasa nina daftari lenye makubaliano na manju watatu. Wawili wametia dole gumba. Nyimbo nisizo na ruhusa nimezifuta, na wateja wengine wamehamia kibanda cha pili.

Mzee huja kila mwisho wa mwezi. Katika kila 500, yeye anachukua 200.