Kutoka "Nasoma Hisabati" hadi "Mimi ni Mwanahisabati": Nomino za Utambulisho wa Wanafunzi wa Sayansi

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano nchini Tanzania akiulizwa yeye ni nani katika masomo yake, ni nadra kujibu kwamba ni mwanahisabati au mwanabiolojia. Atasema "nasoma hisabati", au "niko sayansi", au kwa mkato zaidi, "mimi ni PCB". Maneno mwanahisabati na mwanabiolojia anayaelewa ayasomapo, lakini hayatumii kujisemea mwenyewe. Makala haya yanachunguza sababu za kiisimu za hali hiyo. Suala lenyewe si la msamiati tu. Mwanafunzi asiye na neno la kujiweka ndani ya taaluma huiona taaluma hiyo kuwa mali ya mwalimu na ya mtihani, na siku inapomshinda huiacha bila kuhisi kwamba amepoteza kitu kilicho chake.

2.0 Nomino za mwana-

Kwa upande wa umbo, Kiswahili hakina upungufu. Nomino ambatano zinazoanza na mwana- huundwa kwa urahisi, na maana yake ya msingi ni mtu aliye wa mahali, wa kundi au wa shughuli fulani: mwananchi, mwanakijiji, mwanachama, mwanakwaya, mwanamichezo. (Si zote zilizo hivyo, mwanasesere ana mambo yake.) Mtoto wa Darasa la Tatu aimbaye katika kwaya ya shule ni mwanakwaya tangu siku ya kwanza ya mazoezi, hata kama sauti yake bado haijakaa sawa. Hakuna anayemdai cheti.

Hali ni tofauti kwa mwanasheria, mwanafalsafa na mwanasayansi. Anayesomea sheria chuoni haitwi mwanasheria mpaka afuzu. Umbo ni lile lile, ila matumizi yamelipa kundi hili la pili sharti la kuhitimu. Mwanahisabati na mwanabiolojia yameingizwa katika kundi hili bila mjadala wowote, ingawa hakuna kanuni ya mofolojia inayolazimisha yawekwe huko.

Lugha yenyewe imewahi kulishughulikia tatizo hili kwa namna nyingine. Katika elimu ya dini ya pwani, neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu na pia ya mahali pa kusomea. Kutokana na neno hilo kumepatikana mwanachuo, yaani anayesoma, na mwanazuoni, yaani aliyebobea, ambamo zuo ni umbo la wingi la lahaja za kaskazini. Mwanafunzi na mwalimu wake wanatofautiana kwa daraja, lakini wote wawili ni wana wa chuo kimoja. Hisabati na biolojia za shule za leo hazina jozi ya namna hiyo. Lipo jina la juu tu, na chini yake ni "mwanafunzi wa".

3.0 Vyeo na herufi

Nafasi hiyo tupu imejazwa na mambo mawili. La kwanza ni vyeo. Tanzania ina Mkemia Mkuu wa Serikali na Mtakwimu Mkuu wa Serikali, na kwa hiyo maneno mkemia na mtakwimu yana ofisi na mlango wa kubisha. Hakuna Mwanabiolojia Mkuu. Anayeipenda biolojia huambiwa na jamaa zake kwamba atakuwa daktari, na anayeipenda hisabati kwamba atakuwa injinia. Asipofika huko, basi mwalimu. Julius Nyerere alifundisha biolojia na Kiingereza katika sekondari ya Mtakatifu Maria, Tabora, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Jina lililobaki ni Mwalimu. Somo alilolifundisha wachache hulikumbuka.

La pili ni herufi za tahasusi. Anayesema "mimi ni PCM" anatumia sentensi ya utambulisho iliyokamilika, lakini anajitambulisha kwa fungu la mitihani mitatu. Hisabati humo ni herufi ya mwisho, kama ilivyo biolojia katika PCB. Utambulisho huo hudumu miaka miwili, kisha matokeo yakitoka herufi hazina kazi tena.

4.0 Sarufi ya kushindwa

Tofauti kati ya masomo haya mawili hujitokeza zaidi pale mwanafunzi anapoeleza kushindwa kwake. Katika hisabati husema "hesabu zimenikataa". Hapa hesabu ndicho kiima, nazo ndizo zenye uamuzi. Mwanafunzi amebaki kiambishi -ni- cha yambwa. Katika "hesabu hazipandi" hata kiambishi hicho hakimo. Kuhusu biolojia husema "ni ya kukariri" au "nimeisahau". Huyu bado ni mtenda, na anaamini kwamba akikesha zaidi atafaulu. Hata hivyo, alichojitwisha ni kazi ya kumbukumbu, si ya mtu anayemtazama mende juu ya meza ya maabara na kuuliza kwa nini ameumbwa vile.

Lugha ya kufundishia inaizidisha hali hii. Mtoto anayemaliza shule ya msingi ya serikali ana istilahi zake: kipeo, kipeuo cha pili, KDS, KKS. Anaweza kumweleza mwenzake kwa nini KDS ya 4 na 6 ni 12, wala si 24, na kueleza kwa nini ndiyo kazi halisi ya mwanahisabati. Akiingia Kidato cha Kwanza anatakiwa kuyasema yale yale kwa Kiingereza, naye huanza kuandika majibu bila maelezo. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kitumike sekondari kuanzia 1985. Serikali ikaamua vinginevyo. Sera ya mwaka 2014 ilifungua mlango, lakini sekondari za serikali zinaendelea kufundisha hisabati na biolojia kwa Kiingereza. Kamusi ya TUKI ya biolojia, fizikia na kemia, iliyotolewa mwaka 1990, iliwapa walimu istilahi kama usanisinuru, lakini istilahi isiyotumiwa darasani haiwezi kumpa mtu utambulisho.

Huenda ikadaiwa kwamba kumwita mtoto wa Kidato cha Kwanza mwanahisabati ni kulishusha neno. Dai hilo ni dhaifu, kwani mwanakwaya wa Darasa la Tatu hajamshusha mwimbaji yeyote mashuhuri. Mwalimu anayeuliza "mwanahisabati atajuaje kwamba 24 si jibu?" hatoi sifa, anaitaja kazi na kumkabidhi mwanafunzi. Mwanafunzi akijibu, "nimeigawa 12 kwa 4, nikaigawa kwa 6, haikubaki kitu", kiambishi ni- kimo mahali pa kiima, na namba ndiyo inayotendwa.