Mita mia kutoka lango la serikali

Uzi mfupi, watu wangu. Kila maandamano yakiisha tunasikia yale yale: "Ongezeni polisi!" na "Hayo majengo ni yetu!" Hebu tuyapime Meru na Embu, manake mjadala huu huishia Nairobi.

Nani hasa analinda? Askari wa kaunti pale langoni ana rungu na kitabu cha wageni. Wenye bunduki ni polisi, wakiwemo CIPU wa polisi tawala, na amri yao inatoka kwa Inspekta Jenerali. Gavana hawezi kuwaamrisha. Kwa hivyo akilaumiwa kwa risasi nje ya ofisi yake, au akijisifu kwa utulivu, uliza amri ilitoka wapi.

Hofu yenyewe si ya kubuni. Bunge lilivamiwa 25 Juni 2024. Mwaka mmoja baadaye, tarehe hiyo hiyo, mahakama ya Kikuyu ikachomwa. Ndipo ukaja mswada wa 2025 unaotaka waandamanaji wakae mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo yenye ulinzi maalum.

Sasa Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, na ofisi nyingi ziko pale pale mjini. Meru ni vivyo hivyo. Chora duara la mita 100 kwa kila moja uone mwandamanaji anabaki wapi. Tena Kifungu cha 37 cha Katiba kinamruhusu kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka. Barua atampa nani, mlinzi wa benki?

Na duara halizuii kila kitu. Hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi kortini Makadara, Juni 2024, na afisa wa polisi. Huyo si wa kuzuiwa na ua.

Mimi kinachoniuma ni faili. Mahakama ikiungua, hakimu atahamishiwa kwingine. Lakini mama wa Tigania aliyehangaika miaka na kesi ya shamba ataanzia wapi? Kweli, kuwasilisha kesi mtandaoni kulisambazwa nchi nzima 2024, ila kesi za zamani ziko kwenye karatasi, na vielelezo haviskaniki. Panga ni panga.

Basi mwanasiasa akija kwenu na hotuba ya usalama, muulize: chumba cha faili kina mlango wa chuma? Kuna nakala mahali pengine? Kizima moto kilikaguliwa lini?